Mwenyekiti Asiye na Ng'ombe

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji hakuwa na ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapomsimulia kwa watu wa mbali, hungoja mpaka mwisho ndipo waulize, "Na yeye alikuwa na wangapi?" Hakuwa naye hata mmoja. Hakuwa na ndama, hakuwa na banda, hakuwa hata na kamba. Alikuwa na mdomo, na kwa mdomo huo aliwaongoza wanawake wa Nyaishozi wenye ng'ombe, akatufundisha kupanda majani ya ng'ombe, na akamuua ng'ombe wangu.

Ng'ombe huyo aliitwa Bihogo. Alikuwa chotara, mwekundu wa kahawia, mpole kiasi kwamba kuku walilala mgongoni kwake mchana. Mama mkwe wangu, ambaye meno yalikuwa yamemwishia, alikuwa anaishi kwa maziwa yake. Kifo cha Bihogo nitakieleza mahali pake. Hapa niseme tu kwamba tangu siku ile nimekuwa nikingoja neno moja kutoka kinywani mwa Mwenyekiti, kinywa kilichosema kila kitu kingine duniani. "Nilikosea." Sikutaka fidia wala kupigiwa magoti. Basi picha hii inachorwa na mtu anayengoja, msitegemee huruma nyingi.

Ukimuuliza habari za mifugo yake, alinyoosha mkono upande wa Kyerwa. "Ng'ombe zangu ziko Isingiro, kwa ndugu zangu. Huku malisho ni haba." Ng'ombe hao wa Isingiro tuliwasikia miaka yote. Walizaa mapacha. Waliombwa na wazungu wakakataliwa. Baba Koku, mume wangu, mtu asiyependa maneno mengi, alisema hao ndio ng'ombe bora wilaya mbili hizi: hawali, hawaumwi, hawanyi. Nami siku moja, kwa uchokozi, nilimuuliza Mwenyekiti itakuwaje atuongoze wafugaji wakati mikono yake haijawahi kushika kiwele. Akacheka, akarekebisha kola.

"Mama Koku, rais wa mpira hachezi mpira."

Tulimchagua kwa sababu ya koti. Siku kikundi kinaundwa, sisi wanawake tulikuja moja kwa moja kutoka shambani, vumbi hadi magotini, na yeye alitokea amevaa koti la kijivu na gambuti nyeupe, zile wanazovaa wauza nyama buchani. Mama mmoja akasema tunahitaji mtu wa kutusemea ofisini wilayani, Kayanga, mtu ambaye karani akimwona ataacha simu yake. Wote tukalitazama koti. Hakuna aliyeuliza kama mwenye koti ana ng'ombe, maana ilionekana ni utovu wa adabu kumuuliza mtu mzima swali kama hilo mbele ya watu. Adabu yetu imetuponza mara nyingi, na mara ile ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Gambuti zile sikuwahi kuziona zimechafuka. Alizisuuza kabla ya kuingia shambani, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, na alizisuuza tena akitoka, ingawa alikuwa amesimama kwenye ukingo wenye nyasi muda wote akinyoosha kidole. Shamba la mfano lilikuwa nyuma ya nyumba yake, mahali vibanja vya migomba vinapoishia na nyasi za rweya, yale malisho ya wazi, zinapoanza. Pale ndipo tulipopanda lusini, ile ambayo kwenye mifuko ya mbegu huandikwa alfalfa. Yeye hakuiita lusini wala alfalfa. Aliita "maziwa yaliyosimama." Alivunja kijiti chake kila asubuhi na kukichomeka kwenye mfuko wa shati, pale ambapo walimu huweka kalamu. Kufika saa sita kijiti kilikuwa kimelegea na kuning'inia, naye bado anahubiri. Nataka mkikumbuke kijiti hicho. Kila siku ya Mungu majani ya lusini yalinyauka juu ya kifua cha mtu huyu, na hayakumfundisha chochote.

Maneno yake mengine aliyopenda yalikuwa "mgeni njoo, mwenyeji apone." Mithali nzuri, mama yangu mzazi aliisema. Lakini mama yangu aliisema akichinja kuku wake mwenyewe. Mwenyekiti aliisema akiangalia kuku wa wengine. Wageni wakitangazwa, sisi tulipona kwa kufagia njia, kuchota maji, kumenya ndizi tangu alfajiri na kushona upya kitambaa cha meza, halafu tukasimama nyuma tukipiga makofi huku yeye akieleza jinsi alivyohangaika. Mgeni akiuliza swali la kilimo, alilijibu kwa kulisifia. "Swali zuri sana hilo, mheshimiwa. Swali la kitaalamu." Kisha akampeleka mheshimiwa kwenye chakula.

Nisiwe mchoyo. Kuna mambo mawili matatu aliyoyafanya vizuri, na yananikera zaidi kuliko mabaya yake, kwa sababu bila hayo ningemdharau kwa raha.

Mbegu aliipata yeye. Alikwenda Kayanga na kurudi, tena na tena, mpaka mwenye duka la pembejeo akaiagiza ili apumzike kumwona. Udongo wetu una uchachu, na lusini haipendi uchachu. Yeye ndiye aliyesikia mahali kwamba chokaa na majivu husaidia, akapita jiko kwa jiko akiomba majivu kama mwinjilisti anayeomba sadaka. Siku ya kupanda alichanganya mbegu na mchanga mkavu, maana ni ndogo mno kumwagwa peke yake, na mkono wake ulipokuwa unarusha, ulirusha sawasawa, mstari kwa mstari, bila koti. Kisha akasema mbegu hizi hazifukiwi kwa kina, zinakandamizwa tu. Akatupanga mistari na kutuambia tucheze. Tukacheza ngoma juu ya shamba, kanga zimefungwa viunoni, tukikanyaga taratibu na kuimba. Wimbo ulikuwa wa Walutheri, kanisa lake, na miguu mingi ilikuwa ya Wakatoliki. Ikaota kama zulia. Nimeona watu wengi wakipanda lusini baada ya hapo, na hakuna aliyeiotesha vile.

Tena, kwenye misiba alikuwa wa kwanza kushika jembe la kaburi. Mama mkwe wangu alipozidiwa msimu wa mvua na njia ya gari ikawa tope, Mwenyekiti alikuwa miongoni mwa waliobeba machela hadi barabarani, na hakupokezana na mtu mlimani. Baba Koku alilitaja hilo kila niliposema ubaya wake. "Alimbeba mama yangu," alisema, na mazungumzo yakaisha. Hapo ndipo utamu wa kumchukia mtu unapoharibiwa.

Sasa turudi kwenye upumbavu, maana ulikuwa mwingi.

Sisi ni watu wa migomba. Kwetu kukata kitu kabla hakijakomaa ni aibu. Mkungu mchanga ukionekana umekatwa, jirani anajua nyumba ile imefika pabaya. Na ule mkungu mzuri kuliko yote, ulio karibu na nyumba, huachwa umesimama, unazidi kunenepa, mpaka mgeni wa heshima afike. Hiyo ni busara ya ndizi na imetulea. Ila lusini si ndizi. Lusini inakatwa inapoanza tu kuchungulia maua, ingali na majani mengi na shina laini, ukaacha kisiki kifupi kichipue tena. Ukiichelewesha, majani yanapukutika na shina linakuwa mti. Hayo tuliambiwa wazi na mtaalamu wa mifugo, Mwenyekiti akiwa amekaa mbele akitikisa kichwa kwa kukubali.

Mtaalamu alipoondoka, Mwenyekiti akasimama. "Mmesikia. Lakini mtaalamu ni kijana. Kitu kikomae kwanza. Na wageni wa mradi unaotufadhili wanakuja, watakuta vipara?"

Na sisi tukakubali! Hilo ndilo linaloniuma. Vichwa vyote vya wanawake wale, vinavyojua siku ya kuvuna maharage kwa kuyasikiliza yanavyolia kwenye maganda, vilikubali, kwa sababu aliongea ile lugha ya mkungu wa mgeni tuliyonyonya nayo. Lusini ikarefuka. Ikatoa maua ya zambarau, mazuri kweli, nyuki wakajaa. Watu waliotoka kanisani walipita kupiga picha. Majani ya chini yakawa manjano na kudondoka, na Mwenyekiti akatembea ukingoni na gambuti zake nyeupe kama bwana harusi.

Mnunuzi wetu alikuwa mama mmoja mtu wa Muleba, anayefuga ng'ombe wa ndani pale Kayanga. Alikuwa ameahidi kuchukua lusini yetu kavu kiangazi chote, akiipenda. Tulipoikata hatimaye, wageni wakiwa wameshakuja na kuondoka, tukaikausha, tukaifunga marobota kwa kisanduku cha mbao, nilikuwa miongoni mwa waliokwenda na Mwenyekiti kuipeleka. Mama wa Muleba alivuta shina moja kwenye robota. Akalikunja. Halikukunjika, lilivunjika kwa sauti. Akatazama chini, ambako majani machache yaliyobaki yalikuwa yamemwagika kama unga.

"Mwenyekiti, hizi ni kuni," akasema. "Ng'ombe wangu hawapiki chai."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwenyekiti akacheka kwa nguvu kuliko wote, akamwambia wanawake wa Nyaishozi bado wanajifunza kukausha. Aliyasema hayo nimesimama naye bega kwa bega, jasho la kubeba marobota yale likinitiririka mgongoni. Marobota yakarudi nyumbani kwake, "yahifadhiwe." Baada ya mvua moja au mbili nilipita kibanjani mwake nikayaona yametandazwa chini ya migomba, mazito na meusi, yanaoza vizuri. Mikungu yake mwaka ule iliinama mpaka ikawekewa miti ya kuegemea. Jasho letu lote lilinenepesha migomba ya mtu asiye na ng'ombe, naye akiulizwa siri ya ndizi zake alisema, "Ni kujituma tu."

Basi sasa Bihogo.

Wageni wa mradi walikuja mara ya pili, msimu wa mvua, lusini ikiwa imechipua upya, laini, kijani cha kung'aa. Safari hii Mwenyekiti alikuwa amewaahidi wataona ng'ombe akila shambani. Akahitaji ng'ombe. Wa Isingiro walikuwa mbali, bila shaka. Alituma ujumbe kwenye kundi letu la simu kwamba Bihogo ndiye atakayetuwakilisha kwa uzuri wake, na kwamba asilishwe asubuhi hiyo, aje na njaa, wageni waone anavyoyafurahia majani. Nilimpa matete kidogo kwa kuiba, nikaenda naye.

Umande ulikuwa umelala shambani mweupe. Kila mwanakikundi alikuwepo. Nilimwambia Mwenyekiti, tena si kwa kunong'ona: "Haya majani yana umande na ng'ombe ana njaa. Tulifundishwa yakatwe, yanyauke kwanza, yachanganywe na matete. Akila hivi atavimba tumbo."

"Mama Koku," akasema, akitazama barabarani, "wageni watapiga picha majani yaliyonyauka?"

"Ng'ombe atakufa, Mwenyekiti."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na akaichukua kamba mkononi mwangu, kwa sababu gari lilikuwa limeshaingia uani na milango inafunguliwa. Mtu wa kwetu hagombanii kamba wageni wakishuka kwenye gari. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Bihogo alikula. Alikula kwa pupa, masikio mbele, umande ukimchuruzika mdomoni. Wageni walifurahi. Mwenyekiti alimshika pembe, akapigwa picha, akaweka mkono mgongoni kwake kama mtu aliyemzalisha. Kisha wakaenda mezani, nasi wanawake tukaitwa jikoni kupakua. Niliomba ng'ombe atolewe shambani. Mwenyekiti akasema aachwe amefungwa hapo hapo, wageni wakimaliza kula watapiga picha nyingine na jua likiwa zuri.

Nilipopata upenyo wa kutoka nilimkuta amesimama miguu imepanuka, shingo imenyooka, ubavu wa kushoto umefura mpaka juu ya uti wa mgongo. Niliupiga kwa vidole, ukalia kama ngoma. Nilipiga kelele. Wanawake walikuja na mafuta ya kupikia, tukamnywesha kwa chupa, tukaanza kumpandisha mlimani ili gesi itoke, Baba Koku akakimbia na bodaboda kumfuata mtaalamu aliyekuwa kwenye chanjo upande mwingine wa kata. Bihogo alikuwa anapanda. Naapa alikuwa anapanda. Alicheua mara moja, upepo ukatoka, nikasema ahsante Mungu.

Ndipo Mwenyekiti akatoka mezani akijifuta mdomo. Alitutazama sisi, akatazama dirisha la sebuleni mwake lililoelekea huko mlimani.

"Mpelekeni nyuma huko bondeni," akasema. "Wageni wasimwone."

Yeye na wanaume wawili wakamgeuza. Akateremshwa. Ng'ombe aliyevimba ukimteremsha, uzito wote wa tumbo unasukuma mapafu. Nyuma ya jiko alipiga magoti ya mbele, akalala ubavu, ulimi nje, na macho yake yakawa yananitafuta. Baba Koku aliporudi alikuta tumemuwahi na kisu, ili angalau asiwe mzoga. Upande wa mbele wa nyumba wageni walikuwa wanaagwa. Nilisikia makofi. Nilisikia Mwenyekiti akiwapa kila mmoja kijiti cha lusini cha kwenda nacho.

Jioni nyama iligawanywa, kama desturi. Alikuja na gambuti zake nyeupe, na kwa mara ya kwanza nikaona zinalingana na shughuli. Akatoa hotuba. Alisema ng'ombe wa maskini hazai, akatikisa kichwa kwa huzuni, akamshukuru Mungu kwamba ndama wake amebaki. Hilo la ndama lilikuwa kweli: alikuwa jike, na nilimlea kwa chupa. Kisha Mwenyekiti akauliza, taratibu, kama ini limeshachukuliwa, maana jino lake lilikuwa linamsumbua na nyama ngumu ingemuumiza. Alipewa. Ni mimi niliyelifunga kwenye jani la mgomba. Nilitaka nione kama atanitazama usoni akilipokea. Alilitazama ini.

Mama mkwe wangu alirudi kwenye uji wa maji. Hakuwahi kulalamika, ila asubuhi alikuwa akigeuza uso kuelekea bandani, akisikiliza. Alifariki kabla yule ndama hajazaa. Mwenyekiti alichimba kaburi. Alichimba vizuri.

Wiki kadhaa baada ya Bihogo alileta mkungu mlangoni kwangu. Ulikuwa mnene, umenona kwa lusini yetu. Alikaa, akasifu mvua, akasifu kahawa ya Baba Koku, akauliza habari za Koku shuleni. Nikangoja. Alikunywa chai. Nikangoja. Akasimama, akasuuza gambuti zake kwenye ndoo yangu, akaenda. Kwetu mkungu hausemi kwa niaba ya aliyeuleta. Bila neno ni chakula tu. Nilimenya ndizi zile nikawapa mbuzi, na Baba Koku alikula viazi siku hiyo bila kuuliza. Tangu hapo niliacha kumpa Mwenyekiti shikamoo, ingawa ni mkubwa wangu. Nilimwambia "habari za asubuhi," kama mtu unayekutana naye stendi. Hilo lilimuuma. Niliona. Mtu aliyeua ng'ombe bila kupepesa jicho aliumwa na salamu.

Kikundi kikamfia mikononi. Siku moja tukasikia amehamia Isingiro, na Baba Koku akasema amekwenda kuwachunga wale ng'ombe. Sisi tuliobaki tulianza kukata lusini kwa wakati, ikichungulia ua la kwanza tu, tukaianika kivulini ili isipoteze majani. Ilituuma kuikata mbichi vile, mikono iligoma kabisa mwanzoni. Mama wa Muleba alivuta shina, likakunjika, akasema, "Sasa mnaongea na ng'ombe." Ananunua mpaka leo.

Mwaka jana nilialikwa kwenye mafunzo ya akina mama wafugaji, huko huko Isingiro. Nilipanda gari dogo hadi mwisho wake, nikamalizia kwa bodaboda, nikafika nimechelewa. Yalifanyika nje, uani kwa mtu. Nilipita nyuma ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, nikapata nafasi mwishoni, na sauti nikaijua kabla sijainua uso.

Alikuwa amezeeka. Koti lilikuwa lile lile, limemlegea mabegani. Gambuti zilikuwa nyeupe. Kijiti kilikuwa mfukoni, kimening'inia. Pembeni yake alifungwa ng'ombe mzuri mwenye baka usoni, na mama aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza kwa fahari kwamba ng'ombe huyo ni wake, Mwalimu, ndivyo walivyomwita huko, amemuazima kwa ajili ya somo. Kwa hiyo hata Isingiro wale ng'ombe wake hawakuwepo.

Lakini mbele ya ng'ombe palitandazwa turubai, na juu ya turubai kulikuwa na lusini iliyokatwa jana yake, imenyauka vizuri, imechanganywa na matete. Ng'ombe alikuwa anakula kwa utulivu. Mwenyekiti alikuwa anafundisha, na kila alichofundisha kilikuwa sahihi. Kata ua likichungulia. Msikae mkingoja wageni. Umande ni adui. Ng'ombe mwenye njaa usimfungulie lusini mbichi. Akivimba, mpandishe mlima, usimteremshe, narudia, usimteremshe hata aone aibu nani. Wanawake walikuwa wanaandika. Nilijiona natikisa kichwa kwa kukubali, nikajilaumu.

"Kulikuwa na mama mmoja Nyaishozi," akasema.

Damu ikanipanda.

"Mama mwenye ng'ombe mzuri, mwekundu, anaitwa Bihogo. Nilimwambia mama huyo, mbele ya watu: majani yana umande, ng'ombe ana njaa, atakufa. Hakunisikia. Akaichukua kamba..." Na hapo akainua macho akaniona.

Sijui nilikuwa na uso gani. Najua kwamba mkono wake ulikwenda mfukoni, ukakigusa kile kijiti, ukabaki pale. Nilikuwa nimengoja miaka kuuona mdomo ule umekwama, na sasa ningeweza kusimama. Ningesema: ni mimi, na maneno hayo ni yangu, wewe ndiye uliyechukua kamba. Wangeamini, maana uso wake ulikuwa umeshasema. Ila wangeondoka na ugomvi wetu wawili kichwani badala ya umande na mlima, na ng'ombe wao walikuwa wengi, na mvua zilikuwa karibu.

Binti mmoja wa mbele, mwenye mtoto mgongoni, aliinua kalamu. "Sasa Mwalimu, huyo mama ilikuwaje asisikie, na aliambiwa?"

Mwenyekiti alinitazama. Hakumtazama yule binti.

"Alikuwa na wageni," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, siyo ile ya jukwaani. "Alitaka kuwapendeza wageni. Basi."

Wanawake wakaguna. Jirani yangu, yule mwenye ng'ombe wa kuazimwa, akanigonga goti kwa kiwiko. "Mjinga kweli huyo mama," akasema.

"Mjinga sana," nikamjibu, kwa sauti ya kutosha kufika mbele. "Na ng'ombe mwenyewe hakuwa wake."

Mwenyekiti aliinama kwenye turubai, akaanza kugeuza majani ambayo yalikuwa yameshanyauka.